Tovuti imehama lakini barua pepe zinarudi: naomba msaada wa kuzisoma rekodi za DNS

Katibu_Mtendaji

Wakuu, habari za wakati huu. Mimi ndiye ninayeshughulikia mawasiliano ya SACCOS yetu. Domeni yetu iko chini ya .or.tz, ila hapa nitaiandika example.org ili nisianike mambo ya ofisi. Hivi karibuni tuliihamishia tovuti kwenye kampuni nyingine, na kwa maelekezo ya kampuni hiyo tukabadilisha seva za majina kwa msajili wetu. Tovuti inafunguka bila shida. Tatizo liko kwenye barua pepe, ambazo hatukuzihamisha kwa sababu zinatunzwa na kampuni ya tatu kabisa: wapo wanachama ambao barua zao zinatufikia kama kawaida, na wapo ambao zinawarudia.

Nimeuliza rekodi za MX, yaani zile za DNS (mfumo wa majina ya intaneti) zinazotaja seva inayopokea barua pepe za domeni, kwa amri ya dig. Kompyuta ikiwa kwenye mtandao wa ofisi, jibu ni hili:

`example.org. 9127 IN MX 10 mx1.example.net.`

Nikiiunganisha kompyuta hiyo hiyo kwenye intaneti ya simu, ninaona "status: NOERROR" na "ANSWER: 0", wala hakuna rekodi yoyote chini yake. Jibu la kweli ni lipi kati ya hayo mawili, na hiyo 9127 inamaanisha nini? Vilevile, mwanachama mmoja amenitumia ujumbe wa barua iliyomrudia, nao una maneno "550 relay not permitted" pamoja na anwani 203.0.113.25, ambayo siitambui.

Mpita_Njia

Mkuu, ukibadilisha seva za majina ni lazima usubiri saa 48 ili mabadiliko yasambae dunia nzima. Usiguse kitu chochote, kila kitu kitakaa sawa chenyewe.

Fundi_wa_Zoni

Ndugu Mpita_Njia, kwa heshima zote, hapa kusubiri kutazidisha tatizo, na nitaeleza kwa nini.

Rekodi za DNS hazisambazwi na mtu yeyote. Zinakaa kwenye seva zenye mamlaka juu ya domeni, na seva ya mtoa huduma wako wa intaneti huenda kuziuliza pale mteja wake anapozihitaji, kisha huhifadhi nakala ya jibu kwa muda uliopangwa na mwenye domeni, yaani TTL. Muda huo huhesabiwa kwa sekunde. Kwa hiyo 9127 ni sekunde zilizobakia kabla nakala ya mtandao wa ofisi kufutwa, nazo ni kama saa mbili na nusu. Rudia amri ile ile baada ya dakika moja utaona namba imepungua. Ni sawa na tangazo la mkutano lililosahaulika ukutani wakati ratiba imekwishabadilishwa: anayelisoma hadanganywi na mtu, anasoma tu kilichokuwa kweli jana.

Ukitaka jibu la leo, usiulize nakala. Tafuta kwanza ni nani mwenye mamlaka (rekodi za NS, yaani seva za majina), halafu muulize yeye mwenyewe:

`dig example.org NS +short`
`dig example.org MX @ns1.example.com`

Mahali pa ns1.example.com weka seva ya majina ya kampuni mpya. Kama unatumia Windows na huna dig, andika `nslookup -type=MX example.org ns1.example.com`. Kwenye majibu ya dig, tazama mstari wa "flags": ukiona "aa", ujue anayejibu ni mwenye mamlaka.

Tazama pia "status", maana watu wengi huipita. NXDOMAIN ni kwamba jina lenyewe halipo. SERVFAIL ni kwamba seva uliyoiuliza imeshindwa kupata jibu linaloaminika. NOERROR yenye majibu sifuri, ambayo ndiyo uliyoipata, ni kwamba jina lipo ila halina rekodi ya aina uliyoiomba. Kwa maoni yangu, zoni mpya (yaani seti ya rekodi zote za domeni yenu) iliundwa kwa ajili ya tovuti peke yake, na hakuna aliyekumbuka kuingiza MX humo.

Hilo linaeleza pia barua zinazorudi. Kwa kanuni za SMTP, yaani itifaki ya kutuma barua pepe, domeni isipokuwa na MX, seva inayotuma hutumia rekodi ya A, yaani anwani ya tovuti, na seva ya tovuti huzikataa barua hizo. Uliza `dig example.org A +short` uone kama hutapata 203.0.113.25. Nakala za zamani zikiisha muda kila mahali, hata hao ambao barua zao zinafika leo zitaanza kuwarudia.

Katibu_Mtendaji

Nimeuliza kama ulivyoelekeza. Rekodi ya A ni 203.0.113.25 kweli, na seva ya kampuni mpya inajibu kwa "aa" ikiwa haina MX hata moja. Sasa nitajuaje ni rekodi zipi nyingine zilizoachwa kwenye zoni ya zamani?

Fundi_wa_Zoni

Iulize seva ya zamani moja kwa moja kwa kutumia @, kabla kampuni ile haijaifuta zoni yenu. Ingawa msajili haielekezi tena dunia kwake, mara nyingi huendelea kujibu kwa muda. Usitegemee kuomba ANY, yaani rekodi zote kwa swali moja, kwa kuwa tangu waraka wa viwango vya intaneti RFC 8482 wa mwaka 2019 seva inaruhusiwa kurudisha jibu dogo tu. Nayo nakala ya zoni nzima kwa AXFR hukataliwa karibu kila mahali. Itabidi uulize moja moja: MX, TXT (rekodi ya maandishi) ya domeni yenyewe, TXT ya _dmarc.example.org, na majina madogo kama mail na autodiscover.

DKIM, yaani sahihi ya kidijitali ya barua, ndiyo huwasumbua wengi, kwa sababu jina lake halikisiwi. Fungua barua yoyote mliyoituma kabla ya kuhama, tazama vichwa vyake kamili, na kwenye DKIM-Signature utafute sehemu ya "s=". Ikiwa imeandikwa s=barua1, basi uliza TXT ya barua1._domainkey.example.org. Wakati mwingine utakuta ni CNAME, yaani jina linaloelekeza kwenye jina jingine, nayo iandike kama ilivyo.

Dada_wa_Seva

Naongeza mambo mawili. Kwenye baadhi ya paneli, ukiandika mx1.example.net bila nukta mwishoni, paneli hubandika domeni yenu nyuma yake na kupata mx1.example.net.example.org, jina ambalo halipo popote. Ukishahifadhi, hakikisha kwa dig. Pili, kampuni mpya huenda imekuwekea SPF yake yenyewe, yaani rekodi ya TXT inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina la domeni. Ukiongeza ya zamani pembeni yake zitakuwa mbili, na domeni yenye SPF mbili huhesabiwa kuwa na kosa la kudumu, wala hakuna itakayofuatwa. Ziunganishe ziwe mstari mmoja wenye "v=spf1" moja, na uhesabu maelekezo ya include, a na mx, kwa kuwa yanayohitaji kuulizwa kwenye DNS hayatakiwi kuzidi 10.

Katibu_Mtendaji

Dada, umelenga penyewe: SPF ya kampuni mpya ilikuwapo, nami nimeziunganisha. MX sasa inaonekana kwa mwenye mamlaka, na DKIM inaandika "pass" kwenye barua ya majaribio niliyoituma Gmail. Kinachobaki ni kwamba kwenye intaneti ya simu bado napata majibu sifuri.

Fundi_wa_Zoni

Hata jibu la "hakuna" huhifadhiwa. Muda wake hutoka kwenye rekodi ya SOA, yaani rekodi yenye maelezo ya zoni yenyewe: tazama namba ya mwisho kabisa pamoja na TTL ya SOA yenyewe, na iliyo ndogo kati ya hizo mbili ndiyo inayotumika. Ikiwa ni 3600, itakuchukua saa moja tangu seva ya simu ilipouliza mara ya mwisho kabla hujaweka MX. Hapo ndipo ushauri wa kusubiri unapofaa. Usifunge akaunti ya kampuni ya zamani kwanza, kwani zipo seva ambazo bado zina nakala ya NS za zamani na zitaendelea kuuliza huko hadi TTL yake iishe.