Mrejesho: Taa ya kubadilisha oili iliyowaka mapema

Wiki tatu zilizopita niliuliza kwa nini gari langu lilitoa ujumbe wa kubadilisha oili baada ya kilomita 3,800 tu, ilhali kitabu chake kinaruhusu hadi 10,000. Nawashukuru mliojibu, sababu imepatikana, na sehemu yake inanihusu mimi mwenyewe.

Niliamini kwamba ndani ya injini kuna kifaa kinachoionja oili. Yapo magari yenye kihisi cha aina hiyo, lakini langu, kama mengine mengi, halipimi oili yenyewe: kompyuta hukadiria uchakavu wake kwa kufuatilia mizunguko ya injini, joto lake, urefu wa safari na mara ambazo imewashwa ikiwa baridi. Safari zangu nyingi hazizidi dakika kumi, kwa hiyo injini huzimwa kabla haijapata moto wa kutosha kukausha unyevu na petroli iliyopenya kwenye oili, na kompyuta huihesabu hali hiyo kuwa kazi ngumu. Zaidi ya hapo, fundi aliyebadilisha oili mara ya mwisho hakuirudisha hesabu mwanzo, nami sikukagua. Gari lilikuwa likiendelea kuhesabu umri wa oili iliyokwisha kumwagwa.

Kilichonitisha ni kingine. Nilipochomoa kijiti cha kupimia, nikakifuta kwa kitambaa na kukirudisha, oili ilisimama chini ya alama ya chini kabisa, na ujumbe ule haukuwa umegusia kiwango hata kidogo. Nimekwisha kubadilisha oili na chujio, nikashikilia kitufe cha dashibodi mpaka ikasoma asilimia 100, yaani hesabu ya umri wa oili imeanza upya.