Naomba ushauri: gemu inakwenda vizuri kwa robo saa, kisha inaanza kukwamakwama

Mpangaji wa Tabata
Habari za jioni, wanajamvi. Nina kompyuta ya mezani niliyoinunua ikiwa imeshatumika ofisini, yenye prosesa ya Intel Core i5-4570, RAM (kumbukumbu ya muda) ya GB 8 na diski ya kawaida, ile ya kuzunguka, ya TB 1. Mwaka jana niliiongezea kadi ya grafiki ya GTX 1050 Ti yenye GB 4, na tangu hapo nilikuwa nikicheza GTA V kwa picha ya 1920 kwa 1080, mipangilio ikiwa ya kati, bila malalamiko yoyote. Mwezi uliopita mambo yalibadilika. Gemu inafunguka na kwenda kwa fremu (yaani picha) 60 kwa sekunde, lakini baada ya robo saa hivi inashuka hadi 20, mara nyingine 12, sauti inakatikakatika, na gari linaruka kutoka nguzo moja ya taa hadi nyingine kana kwamba kipande cha barabara kimekatwa. Nikiizima, nikala chakula cha jioni na kurudi, ninaikuta nzima tena.

Fundi mmoja niliyemweleza kwa simu, bila yeye kuiona mashine, alisema kadi imechoka na kwamba niandae shilingi 380,000 za kadi nyingine. Nimeshaiweka upya draiva, yaani programu inayoiendesha kadi, na kushusha mipangilio hadi ya chini kabisa, na la kushangaza ni kwamba kushusha huko hakukuleta tofauti yoyote. Kabla sijaitoa fedha hiyo, naomba mwenye uzoefu anishauri.

Kebo Ndefu
Mkuu, usinichukulie vibaya, ila hebu tazama nyuma ya mashine: waya wa skrini umechomekwa kwenye kadi ya grafiki au kwenye tundu la bodi kuu? Mimi nilicheza miezi mitatu nikiwa nimeuchomeka kwenye bodi kuu, gemu ikaendeshwa na grafiki ndogo iliyomo ndani ya prosesa huku kadi niliyoilipia ikipigwa na feni tu.

Mpangaji wa Tabata
Nimeangalia, ndugu yangu. Upo kwenye kadi.

Fundi Bisibisi
Maelezo yako yana mambo mawili ambayo huyo fundi wa simu aliyapita haraka. La kwanza ni kwamba kushusha mipangilio hakukusaidia. Mipangilio mingi ya picha huipunguzia mzigo kadi ya grafiki kuliko prosesa, kwa hiyo kama kadi ndiyo iliyoelemewa, ungeona fremu zikipanda hata kidogo. La pili ni kwamba mashine inapona ikipumzika, na hiyo ni tabia ya joto. Prosesa ikikaribia kikomo chake cha joto, ambacho kwa hiyo yako ni nyuzi 100 za Selsiasi, hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na gemu huonekana nzito ingawa hakuna kifaa kilichoharibika.

Usinunue kitu kwanza. Pakua HWiNFO, programu ya bure inayoonyesha joto na kasi ya vifaa, iache wazi nyuma ya gemu, kisha uandike kwenye karatasi, kila baada ya dakika tano, joto la prosesa, kasi yake, joto la kadi na asilimia ya kadi inayotumika. Kasi ya msingi ya i5-4570 ni GHz 3.2 nayo hupanda hadi 3.6, ukiona imeshuka sana chini ya hapo wakati gemu inaendelea, jibu tunalo.

Jirani wa Transfoma
Samahani kwa kuingilia, lakini mbona hakuna aliyeuliza kuhusu umeme? Kwetu ikifika saa mbili usiku umeme unakuwa mdogo hadi taa zinafifia, na huo ndio wakati ambao watu wengi hucheza.

Fundi Bisibisi
Hoja yako ni ya msingi, na kifaa cha kusawazisha umeme ni kizuri kuwa nacho, ila umeme ukipungua kupita kiasi kompyuta huzimika au hujiwasha upya. Haishuki taratibu kutoka fremu 60 hadi 12 kisha ikaendelea kuwaka. Isitoshe, 1050 Ti ni kadi ya wati 75 na kwa kawaida hujipatia umeme wote kwenye nafasi ilipochomekwa, kwa hiyo haina mzigo wa kutisha.

Mpangaji wa Tabata
Nimepima jana usiku. Dakika ya 5: prosesa nyuzi 88, GHz 3.6. Dakika ya 10: nyuzi 97, GHz 3.2. Dakika ya 20: nyuzi 99, GHz 1.2, na fremu 14. Kadi yenyewe haikuvuka nyuzi 66, na katika hiyo dakika ya 20 ilikuwa ikitumika asilimia 31 tu. Sina budi kukiri jambo ambalo sikulisema mwanzoni: tangu tulipohamia chumba hiki, kompyuta inakaa ndani ya kabati la meza, na mke wangu huifunika kwa kitenge ili isiingie vumbi.

Fundi Bisibisi
Basi kadi yako ilikuwa imekaa ikiisubiri prosesa. Itoe kabatini, izime, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili chaji iliyobaki iishe. Toa vumbi kwa brashi laini, na uzishike panga za feni kwa kidole zisizunguke. Usipulize kwa mdomo, maana mate huingia. Ukishafungua bati la kupozea, futa pesti kavu, ile inayopitisha joto kutoka kwenye prosesa hadi kwenye bati, kwa pamba yenye spiriti ya isopropili, weka pesti mpya ya ukubwa wa punje ya choroko katikati ya prosesa, kisha kaza skrubu kwa kupishana pembe, kila moja kidogokidogo.

Mpangaji wa Tabata
Nimefanya hivyo leo mchana. Chini ya feni nilikuta vumbi limeshikamana kama sufi ya mto, nikalitoa likiwa kipande kimoja chenye alama za mapezi ya bati. Pesti ilikuwa imekauka mithili ya chokaa, nyingine ikadondoka yenyewe. Nimecheza saa moja na nusu: prosesa haikuzidi nyuzi 73, fremu zimebaki kati ya 55 na 60. Limebaki jambo dogo. Nikiendesha gari kwa kasi kuingia katikati ya mji, gemu inaganda kwa nusu sekunde, na majengo mengine yanachelewa kutokea.

Binti wa Kiembesamaki
Hilo si joto tena, ni diski. Gemu hiyo husoma ramani kadiri unavyosogea, na diski ya kuzunguka hulazimika kuvitafuta vipande vyake huku na huko. Ukiendesha kwa kasi, inaachwa nyuma. Hamishia gemu kwenye SSD, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani, hata ile ya kawaida inayochomekwa kwa waya wa SATA. Pia nakuuliza: hizo GB 8 za RAM ni kipande kimoja au viwili? Kipande kimoja cha RAM ya aina ya DDR3-1600 hupitisha GB 12.8 kwa sekunde, na viwili vikifanya kazi kwa pamoja hupitisha 25.6.

Mpangaji wa Tabata
Ni kimoja.

Fundi Bisibisi
Nakubaliana na dada, ila mimi ningeanza na SSD, kwa sababu huko kuganda unakokulalamikia ndiko inakokutibu moja kwa moja. RAM itafuata. Ukiinunua, tazama mchoro uliobandikwa ndani ya kifuniko cha pembeni, kwa kuwa mashine nyingi za ofisini huonyesha hapo kipande cha pili kiwekwe nafasi gani.

Mpangaji wa Tabata
Nimepata SSD ya GB 240, na gemu ikahama kwa karibu saa nzima. Majengo sasa yananisubiri mimi. RAM nitaiangalia mwisho wa mwezi. Kompyuta iko juu ya meza, mgongo wake ukiwa mbali na ukuta, na kitenge kimerudishwa kwa mwenyewe.