Makumbusho ya magari Dodoma: nimelipa elfu kumi kuangalia ndoo ya rangi

Wakuu, nina hasira, nikikosea herufi mnivumilie.

Jumamosi nimetoka Kondoa alfajiri kwa basi, siti ya nyuma, juu ya tairi. Kisa ni tangazo lililozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp: "makumbusho ya magari" nje kidogo ya mji wa Dodoma, na picha kubwa ya Datsun 240Z nyekundu. Wanaonifahamu humu wanajua ugonjwa wangu. Ndilo gari lililoshinda mbio za magari za Safari Rally 1971 na tena 1973. Injini ya lita 2.4, silinda sita kwenye mstari mmoja, inasukuma kwa tairi za nyuma. Tangu utotoni naijua kwenye picha tu.

Kiingilio 10,000. Ukitaka kupiga picha, 5,000 nyingine. Nikalipa zote bila kununa.

Datsun ipo kweli. Rangi imepigwa juzijuzi, hadi raba za vioo zimepakwa. Nikamwambia kijana anayetembeza wageni, "Dogo, nifungulie boneti nione zile kabureta mbili." Hairuhusiwi. Nikambembeleza weee, akafungua. Ndani kuna ndoo ya rangi, matambara na betri iliyovimba. Injini hamna! Namuuliza iko wapi, ananijibu, "Kaka, mimi hapa nina wiki mbili tu." Maskini, hata yeye alishangaa.

Hilo ningemeza. Vipuri vya magari ya zamani ni mtihani, mtu akibaki na bodi tupu simcheki, ila aandike kwamba ni bodi tupu. Kilichonichefua ni Peugeot iliyo jirani yake. Kibao: "Peugeot 504, 1964". Jamani, 504 imetoka 1968! Halafu lile gari lina vipembe vya nyuma na gia ya kwenye usukani. Hiyo ni 404, mtoto wa fundi yeyote angekuambia. Na 404 si gari la kukosewa jina Tanzania. Bert Shankland, mkazi wa hapahapa nchini, alishinda nalo Safari Rally miaka miwili mfululizo, 1966 na 1967. Miaka miwili! Kibao hakimtaji popote. Kilichoandikwa kwa herufi kubwa ni USIGUSE.

Nikamfuata msimamizi, amekaa kivulini na soda. Eti, "Kaka, watu huja kupiga selfi, vibao nani anasoma?" Nikaomba kalamu nisahihishe mwenyewe, bure. Akamwita mlinzi. Kuhusu hela yangu, nikaonyeshwa maandishi nyuma ya tiketi: kiingilio hakirudishwi. Hayo hayana kosa hata la herufi moja.

Kuna aliyewahi kurudishiwa hela pale? Alibanaje? Na mwenye kujua ilipo 240Z yenye injini yake, hata kama haiwaki, aniambie. Nauli nitakopa.