Mwenzetu kagongwa na mlevi alfajiri barabara ya Bagamoyo, tuendelee kutoka saa 11 au tuache?

Mkanyagaji wa Boko (mwanzisha mada)

Wakuu habari za usiku, naandika hii sijalala vizuri tangu Jumapili ya wiki iliyopita kwa hiyo mtanisamehe nikirukaruka.

Sisi ni kikundi cha watu kama 12 hivi, hatuna mdhamini wala jezi za kufanana, kuna mwalimu, kuna fundi AC, kuna mama mmoja nesi, kila Jumapili tunakutana Tegeta saa 11 alfajiri tunakanyaga mpaka Bagamoyo mjini, tunakunywa chai na vitumbua halafu tunageuza kabla jua halijawa kali. Miaka mitatu sasa. Na hiyo saa niliichagua mimi, niliwaambia alfajiri barabara nyeupe, hakuna mafuso, hakuna daladala zinazogombania abiria.

Siku hiyo tulishaipita Bunju tunaitafuta Mapinga, tumejipanga mstari mmoja pembeni kabisa ya lami, mimi wa tatu kutoka mwisho, huyu mwenzetu wa mwisho kabisa. Huwa anakaa mwisho kwa hiari yake, anasema ukikaa nyuma ndo unaona nani kachoka. Nikasikia gari linakuja na muziki mkubwa. Mtu ukizoea barabara unajua gari linaloovateki sauti yake inahama kwenda kulia, hii haikuhama, ikawa inakuja tu hivyo hivyo. Halafu nikasikia kishindo. Lilimpiga yeye, likamparaza wa mbele yake (kavunjika mfupa wa bega, yuko nyumbani anaendelea vizuri), likaenda kuingia mtaroni mbele kama mita 60. Dreva akashuka ana kiatu kimoja, pombe unaisikia kabla hajakufikia, anatuuliza "nyie mmetokea wapi". Kijana tu, hazidi miaka 30.

Hatukuona cha kusubiri, kuna baba mmoja alikuwa anapeleka mboga na kirikuu akasimama, akamwaga matenga yake pale chini, akavua shati akamwekea kichwani, tukampakia. Alifia njiani kabla hatujafika hospitali. Helmeti alivaa, rifleta alivaa, taa ya nyuma ilikuwa inawaka, nilirudi mchana nikaikuta kwenye majani bado inapepesa nikaizima.

Ameacha mke na watoto wawili, mkubwa yupo darasa la nne.

Maswali yangu ni haya. Kwanza kikundi kimegawanyika, wengine wanasema tuache kabisa barabara ile, wengine wanasema tubadili saa, na mimi najilaumu maana saa niliyoiona salama kumbe ndo saa walevi wanarudi kwao. Pili, siku ya tatu ya msiba walikuja ndugu za dreva, walikuja kwa adabu siwezi kuwasema vibaya, mchele, sukari, bahasha, wakasema gharama za mazishi watabeba wao ila kuna karatasi wanaomba shemeji, mke wa marehemu, asaini kwamba mambo yameisha kifamilia. Shemeji hajasaini, ananisubiri mimi nimwambie, na mimi sijui nimwambie nini.

Gia ya Tatu

Pole sana mkuu, poleni wote na shemeji pia. Mimi niko Moshi tunapita njia ya kwenda Himo alfajiri hiyo hiyo, nimesoma mara mbili mwili umesisimka. Sina ushauri kwa sasa, nimeona nisipite kimya.

Lami Tupu

Pole mkuu. Ila tuambiane ukweli, barabara kuu siyo sehemu ya mazoezi. Gari linatembea 100 nyie mnatembea 25, hata asiyelewa anaweza akawachapa. Tafuteni uwanja mzunguke au njia za ndani. Nasema kwa nia njema kabisa.

Mkanyagaji wa Boko

Lami Tupu nimekusikia na sikasiriki, hata mama yangu kaniambia hivyo hivyo. Ila kwenye huo 100 weka hesabu mkuu, gari la 100 kwa saa linakata karibu mita 28 kila sekunde. Dreva akisinzia sekunde 2 tu kashakula mita 55 bila macho. Sasa hizo mita 55 akitembea pembeni ya barabara anachapa chochote, awe mtu wa baiskeli, awe mama anasubiri daladala, awe mtoto anaenda kisimani. Sisi tu ndo tulikuwa pale siku hiyo.

Binti Mikate

Kaka pole sana, Mungu awape nguvu. Hili la uwanja naomba nilijibu mimi.

Baba yangu amesambaza mikate kwa baiskeli miaka 19, anatoka oven saa 10 usiku na kreti mbili nyuma, anapita barabara hiyo hiyo ya Bagamoyo mpaka Bunju anagawa kwenye maduka kabla watu hawajaamka. Hana helmeti, taa yake ni tochi ya kuchaji kaifunga na mpira wa tairi. Nyie kesho mnaweza mkaamua mnatoka saa 2 asubuhi na hakuna atakayelala njaa. Baba yangu akitoka saa 2 mikate inarudi nayo yote. Muuza samaki anayewahi mnadani je? Mlinzi anayetoka lindo saa 12 asubuhi na baiskeli yake je? Wakanyagaji wengi wa barabara hii siyo wa mazoezi, ni watu wa namna hii, wakigongwa hakuna grupu la WhatsApp la kuwaandikia, inasemwa "kuna mwendesha baiskeli kagongwa" basi limeisha.

Kwa hiyo badilini saa kama roho zenu zimeumia, ni haki yenu, ila msiseme saa ndo ilikuwa na makosa. Saa 11 alfajiri ni saa ya watu wa kazi tangu zamani, mlevi ndo kaja kuikuta. Na kaka usijilaumu, nakuomba sana.

Daftari la Bima

Mkuu mimi nimefanya kazi upande wa madai ya bima kwa hiyo nisome taratibu, hili la karatasi ni la haraka.

Shemeji ASISAINI. Kesi ya kusababisha kifo barabarani ni ya Jamhuri, siyo ya shemeji, hata akisaini karatasi kumi hana mamlaka ya kuifuta, wa kuiondoa ni Mkurugenzi wa Mashtaka. Sasa jiulize hiyo karatasi ni ya kazi gani, mara nyingi ni ya kuja kuionyesha mahakamani aonewe huruma, na ikiwa ndani kuna maneno kama "hatutadai tena" atakuja kubanwa nayo akienda kudai fidia. Mchele na bahasha ya rambirambi apokee, hakuna ubaya, msiba ni msiba, ila asiweke sahihi.

Fidia ni mlango mwingine kabisa. Bima ndogo ambayo kila gari linatakiwa kuwa nayo kazi yake ndo hiyo, kulipa mtu wa nje aliyeumizwa au kuuawa na gari. Chukueni namba ya gari muiangalie kwenye mfumo wa TIRA (mamlaka inayosimamia bima nchini) mtaona lilikuwa na bima ya kampuni gani na inaisha lini. Halafu anzeni makaratasi mapema maana ndo yanayoua madai ya wajane wengi: cheti cha kifo kutoka RITA, ripoti ya polisi, ramani ya ajali, ripoti ya ukaguzi wa gari, hati ya mashtaka, baadaye nakala ya hukumu. Na usimamizi wa mirathi, mkae kikao cha ukoo muandike muhtasari aende nao mahakama ya mwanzo. Kikao kifanyike ndugu bado wapo msibani, wakishatawanyika kuwarudisha ni nauli na miezi. Kampuni ikimwambia "dreva alilewa hatulipi" asiondoke na jibu la mdomo, aombe kwa maandishi aende nalo kwa Msuluhishi wa bima au TIRA.

Kingine, muulizeni mpelelezi kama dreva alipimwa na alipimwa SAA NGAPI. Kiwango kwa sheria yetu ni miligramu 80 za kileo kwenye mililita 100 za damu, sasa kila saa inayopita kile kiwango kinashuka, mtu akipimwa mchana anaweza akaonekana msafi.

Kaunta Mstaafu

Nimesita kuandika hapa lakini ngoja niandike.

Nilikuwa kaunta kwenye baa miaka mitano. Mteja anakula vyombo mpaka saa 8 usiku, anainuka anashika kiti, anashika ukuta, na mimi ndo namkabidhi funguo aliyoniachia pale juu ya friji, tena namwambia "nenda salama bosi". Nimefanya hivyo mara nyingi sana siwezi kuhesabu. Tunajidanganya na kahawa, na supu, na kunawa uso, eti kashapata nguvu. Hakuna kitu kama hicho, mwili unaitoa pombe kwa mwendo wake, karibu miligramu 15 kwa saa na hakuna cha kuuharakisha. Chukua mtu aliyesimama kwenye 200 saa 8 usiku, saa 12 asubuhi bado ana kama 140. Amelala kidogo kwenye gari, ameoga, anajiona mzima, na ndo anaingia barabarani sasa, kwenye saa yenu nyie.

Kilichonibadilisha ni mteja wangu mmoja, alikuwa mpole sana, nilimpa funguo usiku, asubuhi nikasikia kamkanyaga mlinzi. Baada ya hapo nikawa nazificha. Nimetukanwa, nimepigwa kibao mara moja, mara moja meneja alinikata siku. Kati ya wote niliowanyima hakuna hata mmoja aliyerudi kesho yake kugombana, wanarudi kimya wanachukua funguo wanaondoka.

Huyo kijana aliyewagonga kuna mtu alimkabidhi funguo. Alikuwa na wenzake mezani, kulikuwa na mlinzi aliyemfungulia geti na kumwelekeza arudi nyuma. Yeye ana kesi yake, ila wale nao natamani wangejua.

Mbali na Nyumbani

Poleni sana wakuu. Niko Michigan, Marekani, na hilo la Kaunta Mstaafu limenikumbusha Kalamazoo, siyo mbali na ninapokaa. Tarehe 7 Juni 2016 jioni kikundi kama chenu kabisa, watu wa makamo wanaofahamiana, walikuwa 9 barabarani, pikapu ikawavamia kwa nyuma, wakafa 5. Dreva alikuwa amemeza dawa za kulevya. Mwaka 2018 alifungwa miaka 40 mpaka 75. Lakini kilichokuwa kinaniuma mimi ni kwamba karibu nusu saa kabla, watu kadhaa walishapiga simu polisi kwamba kuna pikapu inayumba barabarani. Walimtafuta hawakumuwahi.

Sasa huku angalau watu walipiga. Je hapo Bunju kabla hajawafikia nyie alipita Tegeta, Boko, waliomuona anayumba walikuwa wangapi? 112 ni bure. Mtu akipiga anaweza asisaidie kitu, ila apige.

Na waliopona kule wengi walirudi kwenye baiskeli, nimeona wakihojiwa. Walichukua muda. Msilazimishane.

Mzee wa Spoku

Vijana wangu poleni. Mimi nimeanza kukanyaga Dar tangu barabara ya Bagamoyo ni ya kupishana kwa kushuka kwenye mchanga. Kwenye barabara ya Morogoro angalau mradi wa mwendokasi ulikuja na njia za baiskeli, japo bodaboda wamezigeuza zao na wengine wameweka meza za matunda. Ukishaipita Tegeta kwenda Bagamoyo baiskeli haina chake. Wapo UWABA, umoja wa waendesha baiskeli hapa Dar, wanapigania hayo mambo miaka mingi, nendeni mkae nao, na huyo binti wa mikate aende na baba yake, wakimwona yeye na kreti zake watasikiliza kuliko wakituona sisi na kaptula za kubana.

Lami Tupu

Binti Mikate nimekuelewa. Nilikuwa nafikiria watu wa mazoezi peke yao. Nisamehe, na mfikishie baba salamu. Mkuu mwanzisha mada kama kuna mchango wa familia weka utaratibu, nipo.

Mkanyagaji wa Boko

Wakuu asanteni, nimesoma kila neno, mengine nimemsomea shemeji.

Karatasi hajasaini na hatasaini, amewaambia mwenyewe kwa upole kwamba rambirambi amezipokea na mengine yabaki mahakamani. Kikao cha ukoo kinakaa Jumamosi, mjomba wake kaahirisha kurudi Tabora kwa ajili hiyo, Daftari la Bima hilo umelifanya wewe. Kipimo cha dreva nimeulizia, mpelelezi kasema alipimwa ila saa hakuniambia, nitarudi.

Kuhusu saa hatujafikia popote. Wanne wamesema hawarudi tena na sitawafuata. Mimi mwenyewe jana nilitoa baiskeli mpaka getini nikasikia gari kwa mbali, nikairudisha ndani. Binti Mikate ningependa nikutane na baba yako kama hatojali, zile rifleta tunazo tano za akiba na taa mbili, na kuna ya marehemu ambayo shemeji amesema nimpe mtu anayepita usiku.

Jambo la mwisho, yule baba wa kirikuu cha mboga. Kwenye ile haraka hakuna aliyechukua namba yake. Ni mtu mzima, mwembamba, alikuwa anatokea upande wa Bagamoyo na matenga ya mchicha na bamia, Jumapili kwenye saa 12 kasoro. Mboga zake zote alizimwaga pale na alitusubiri hospitali mpaka saa 3 akiwa na fulana tu. Shati lake ninalo, la mikono mirefu la drafti za bluu, nimelifua mara tatu. Anayemfahamu aniambie nilipeleke, na hela ya mboga tumeshachanga.