Uhudumu wa afya zahanati ya chuo, kuna kazi kweli?

Mgeni wa Dodoma: Wakuu, nimeitwa usaili wa mhudumu wa afya, zahanati ya chuo kikuu. Nimezoea wodi ya wazazi. Huko si ni kugawa panadol tu?

Mama Vipimo: Panadol? Subiri wiki ya mitihani uone. Foleni inakutangulia mlangoni, na wengi wanataka ED, ile karatasi ya kuruhusiwa kupumzika kwa ugonjwa. Wewe pima presha, joto, uzito, andika ulichokiona. ED ni ya daktari, usimwahidi mtu. Halafu jifunze kunyamaza, mdogo wangu. Binti akija kupima mimba, nje kakaa na wenzake wa darasa moja. Nilipokuwa mwanzo, mapokezi walikuwa wanapaza sauti, "Wa UTI aingie!" Wasichana wote wakahamia duka la dawa.

Kaka Maabara: Na homa usiikisie. Kipimo cha haraka cha malaria hakizidi dakika 20. Ila muulize mgonjwa kama ameshatumia Mseto, ile dawa ya malaria, maana kinaweza kusoma malaria hata wiki kadhaa baada ya kupona.

Mgeni wa Dodoma: Na kadi za bima?

Mama Vipimo: Mwaka wa kwanza? Muhula unaanza kadi bado. Hapo ndipo utatukanwa, na ukiwa mapokezi utatukanwa wewe, si mhasibu.