Ushauri: Ford ya 1931 yenye injini ya V8, chesisi imepinda na usukani unatetema nikifika kilomita 70

MtangaWaOhio:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga ninayeishi Columbus, Ohio, na ninaomba ushauri kuhusu gari nililolinunua mwaka jana likiwa limetelekezwa ghalani. Ni Ford Model A ya mwaka 1931 iliyogeuzwa zamani kuwa hotirodi: madigadi yameondolewa, paa limekatwa na kushushwa, na mahali pa injini yake ya silinda nne yenye nguvu za farasi 40 pamewekwa V8 (injini ya silinda nane) ya Ford ya baada ya vita, lita 3.9, farasi 100.

Ekseli ya mbele ni ile nzima ya chuma cha kufuliwa, nayo hubebwa na springi moja iliyokingama juu yake. Mkono wenye umbo la V unaoizuia ekseli isiende mbele wala nyuma, ambao kiwandani uliishia kwenye tufe moja chini ya injini, ulikatwa katikati, na kila ncha ikafungwa kwenye mhimili wa chesisi wa upande wake kwa kishikio kilichochomelewa. Boksi la usukani ni la Chevrolet Vega, na fimbo yake inavuka kutoka kushoto kwenda kulia.

Tatizo ni kwamba nikifika kilomita 70 kwa saa, gurudumu la kushoto likikanyaga kiraka cha lami, usukani huanza kutikisika kwa kasi ambayo mikono haiwezi kuizuia, na hauachi mpaka gari likaribie kusimama kabisa. Mara ya mwisho chai yote ya mke wangu ilimwagikia mapajani mwake, na tangu siku hiyo hajapanda tena. Nimepima chesisi kwa mshazari, kutoka pembe ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia na kinyume chake, nikapata tofauti ya milimita 11.

Je, ninunue chesisi mpya, maana hapa zinatengenezwa na kuuzwa, au niikarabati hii? Na je, niitupe mikono hii iliyokatwa na kuweka mfumo wa mikono minne sambamba, miwili kila upande wa ekseli?

FundiChuma:

Ndugu Mtanga, usinunue kitu chochote kwanza. Kipimo cha milimita 11 hakijakuambia pale palipopinda, kimekuambia tu kwamba pamepinda. Tena umesema umepima kwenye pembe, na pembe za chesisi ya umri huo zimeshagongwa nyundo, zimevutwa kwa mnyororo na kuliwa na kutu, kwa hiyo si mahali pa kuanzia kipimo.

Ondoa bodi. Pandisha chesisi juu ya stendi nne, kisha uisawazishe kwa pimamaji kwenye sehemu ya katikati na si kwenye ncha. Chukua timazi ya mwashi, uiteremshe kutoka kwenye matundu ya riveti za kiwandani, moja baada ya jingine, na kila inapogusa sakafu uweke alama ya chaki. Ukimaliza, sukuma chesisi pembeni uangalie sakafu: utakuwa na ramani ya chesisi nzima mbele yako. Piga mstari wa kati, kisha pima mshazari kwa vipande viwili, kuanzia mtambaa wa mbele (chuma cha kukingama kinachounganisha mihimili miwili) hadi wa katikati, halafu wa katikati hadi wa nyuma. Kipande kimoja kitakuwa na kosa, na kingine kwa kawaida kitakuwa salama. Mimi hufanya hivyo kwa malori hapa Dar es Salaam, na sijaona sababu ya Ford kuwa tofauti.

Kuhusu uimara, mihimili ya Model A iko wazi kwa upande wa ndani, na ilikusudiwa kubeba farasi 40. Kwa V8 ni lazima uzibe upande ulio wazi kwa bamba la milimita 3 hadi 5, lakini usizibe kabla ya kunyoosha, kwa sababu ukifanya hivyo utakuwa umeufunga upindaji ndani moja kwa moja.

ZeeLaSpea:

Mimi nasema anunue mpya. Saa za kunyoosha chuma cha miaka tisini na zaidi zina thamani kuliko bei ya chesisi iliyokatwa kwa mashine, iliyozibwa tayari na yenye mtambaa wa mbele wa pembe sahihi. Mapenzi ya chuma cha zamani yametufilisi wengi humu.

NgongRoad:

Mzee, kwa heshima, kuna jambo umeliruka. Ford ya miaka hiyo ilisajiliwa kwa namba ya injini, na namba hiyohiyo ikapigwa juu ya mhimili wa kushoto wa chesisi, mahali panapofunikwa na bodi. Injini ya asili ya gari hili imeshaondoka. Kinachobaki kuliunganisha na hati yake ni hiyo namba iliyo kwenye chuma, na akiitupa chesisi atalazimika kuanza habari nyingine kabisa na ofisi ya usajili. Ndugu Mtanga, bodi ikishaondoka, isugue sehemu hiyo polepole kwa brashi ya waya, usitumie jiwe la kusaga.

Nina swali pia: tairi za nyuma ni kubwa kuliko za mbele, na gari limenyanyuka nyuma kwa kiasi gani kuliko lilivyokuwa kiwandani?

MtangaWaOhio:

Kwa makadirio yangu ni sentimita 9. Tairi za nyuma ni kubwa, kama ilivyo desturi ya hotirodi.

NgongRoad:

Basi hapo umeshapoteza takriban nyuzi 2 za kasta kabla hatujagusa kitu kingine. Kasta ni ule mlalo wa kingpini, yaani pini ambayo gurudumu la mbele hugeukia, sehemu yake ya juu ikiegemea nyuma, nao ndio unaolifanya gurudumu lijirudishe lenyewe kwenye mstari. Umbali kati ya ekseli zako mbili ni sentimita 263, kwa hiyo kila sentimita 4.6 unazonyanyua nyuma hulalisha gari zima mbele kwa nyuzi 1. Ekseli ya aina hii huhitaji nyuzi 5 hadi 7, zikipimwa gari likiwa limesimama kwa tairi zake, likiwa na uzito wake wote. Ukiwa na 1 au 2, mtetemo huo ni wa kutarajiwa.

MamaBisibisi:

Naunga mkono, na naomba nijibu swali la mikono kwa kirefu, kwa sababu watu wengi hulichanganya.

Mkono wa V ulipokuwa mzima, ekseli iliweza kupanda upande mmoja na kushuka mwingine bila kujikaza, kwa kuwa yote iliizunguka tufe moja. Ukishaukata na kuzipeleka ncha mbili kwenye mihimili, kila upande una mzunguko wake, na gari linapopanda jiwe kwa gurudumu moja ekseli hulazimika kujinyonga. Ekseli yako ya kufuliwa hukubali mnyongo huo kidogo, na ndiyo maana vijana wa California waliokuwa wakishindana kwenye maziwa makavu kama Muroc waliendesha hivyo bila shida kubwa. Ekseli ya bomba haikubali. Ingekuwa ni ya bomba ningekwambia uende kwenye mikono minne leo hii, kwa kuwa mnyongo usiopokelewa na ekseli huenda kukitesa kishikio mpaka kipasuke. Kwa ekseli uliyonayo, mikono iliyokatwa si kosa, ilimradi vishikio viwe katika kimo kimoja. Vipime vyote viwili kutoka usawa wa juu wa mhimili. Ncha ya nyuma ya mkono ikipanda, kasta hupungua, na ikishuka, huongezeka.

Pili, umesema fimbo ya usukani inavuka kutoka kushoto kwenda kulia. Springi yako imening'inizwa kwa shakali, yaani vipande vifupi vya chuma vinavyobembea, na shakali huiruhusu ekseli iyumbe kushoto na kulia. Kila inapoyumba, fimbo hiyo huligeuza gurudumu ingawa wewe hujageuza usukani. Je, una fimbo ya Panhard, ile inayoifunga ekseli kwenye chesisi kwa upande? Kama huna, iweke, urefu wake ukaribiane na wa fimbo ya usukani na zilale sambamba. Shakali zenyewe, gari likiwa limebeba uzito wake, zisimame kwa pembe ya takriban nyuzi 45.

Tatu, kingpini. Jeki gurudumu, lishike juu na chini, ulitikise. Kama linacheza, bushi mpya zitiwe, na zikishaingia zichongwe kwa rima (kifaa cha kupanua tundu) mpaka pini ipite kwa kusukumwa na kidole gumba. Beringi ya uzito hukaa chini ya ekseli, si juu yake. Nimeshaikuta juu mara mbili katika magari yaliyofungwa na watu wenye kujiamini sana.

MtangaWaOhio:

Naomba radhi kwa ukimya wa wiki tatu. Bodi iko nje, na haya ndiyo niliyoyakuta.

Ramani ya chaki ilionyesha kipande cha nyuma kina tofauti ya milimita 1 tu. Kosa lote liko mbele: pembe ya mbele ya mhimili wa kushoto imerudi nyuma, na chini ya rangi nyeusi, karibu na boksi la usukani, pana kiraka kilichochomelewa kufunika ufa. Gari liligongwa, bila shaka miaka mingi iliyopita, na aliyeniuzia hakulitaja jambo hilo. Namba ipo na inasomeka, kwa hiyo chesisi itabaki.

Kishikio cha mkono wa kushoto kiko juu kuliko cha kulia kwa sentimita 3. Nilipolala chini nikaelewa sababu: aliyekichomelea alikuwa akiikwepa fimbo ya klachi. Mkono wangu una urefu wa kama sentimita 90, na kasta niliyopima gari likiwa bado limesimama ni nyuzi 3 kulia na 1 kushoto, yaani ekseli imekuwa ikikaa imenyongwa hata gari likiwa limeegeshwa. Fimbo ya Panhard haikuwapo. Kingpini ya kushoto inacheza waziwazi.

FundiChuma:

Sasa tunajua tunachotibu. Toa kiraka chote, usichomelee juu yake. Vuta pembe hiyo mbele polepole huku ukirudia timazi, na mwisho wa ufa utoboe tundu dogo ili usiendelee, ndipo uufungue kwa jiwe la kusaga na kuujaza mpaka ndani. Hapo ndipo ufunge chesisi kwenye vyuma imara visivyosogea na kuanza kuziba mihimili. Choma sentimita 3 au 4 kushoto, hamia kulia, kisha rudi upande mwingine kabisa, na uache chuma kipoe chenyewe. Ukichoma mshono mrefu kwa mfululizo mhimili utajikunja kama ndizi, na utarudi kutuuliza tena.

Kishikio cha kushoto kikate ukishushe, kisha fimbo ya klachi ndiyo itafutiwe njia nyingine. Ukipanga kasta, panga kwa hesabu ya zile sentimita 9 za nyuma, na kiti cha springi kwenye mtambaa wa mbele kilale kwa pembe hiyohiyo, la sivyo springi itabanwa na shakali hazitafanya kazi.

MamaBisibisi:

Magurudumu ya mbele yaache yakielekeana kwa mbele kwa milimita 1.5 hadi 3, si zaidi. Na kila nati ya usukani iwe na spiliti pini mpya, ile pini inayoizuia nati isilegee. Zile ulizozitoa zitupe siku hiyohiyo, zisibaki kwenye kopo.

MtangaWaOhio:

Nimekwishazitupa. Jumamosi nakata kishikio.