Kitanzi cha shaba: mteja hagusi nyuzi, aelekezwe vipi?

Mhudumu_Ngazi_ya_Jamii:
Habari zenu wakuu. Mteja ana miaka 31, aliwekewa kitanzi cha shaba cha kuzuia mimba (lupu, au koili kwa ndugu zetu wa Kenya) wiki 10 zilizopita, siku ileile aliyojifungua. Hedhi imerudi, amejipapasa ukeni, hagusi uzi wa kitanzi. Maumivu hana. Mashoga zake wameshamwambia kimepanda moyoni, na sasa hofu imemjaa. Kimetoka au kipo? Naomba hatua kwa mpangilio.

Mkunga_wa_Zamu:
Huenda kipo. Siku ya kujifungua mji wa mimba bado mkubwa, nyuzi hubaki zimejikunja ndani. Unavyosinyaa, nyuzi hushuka taratibu, na kwa wengine hazishuki kabisa. Ila tusimpe moyo wa bure: kitanzi cha baada ya kujifungua ndicho pia hutoka kwa urahisi zaidi, hasa miezi mitatu ya mwanzo, na kinaweza kutoka na damu ya hedhi asijue. Kwa hiyo hesabu kwamba hana kinga mpaka kionekane.

Leo aanze kondomu. Kama amekutana na mumewe ndani ya siku 5 zilizopita, muulizie vidonge vya dharura vya kuzuia mimba. Kliniki apimwe mimba kwanza. Asiingiziwe chombo chochote kabla ya hapo. Kisha mtoa huduma aweke spekulamu (kifaa cha kupanua uke), atazame mlango wa kizazi, na apitishe koleo jembamba taratibu kwenye njia ya mlango huo. Karibu nusu ya nyuzi "zilizopotea" hupatikana papo hapo. Zisipopatikana, ultrasaundi. Kikionekana mahali pake, kiachwe kifanye kazi. Kukosa uzi peke yake si sababu ya kukitoa.

Chumba_cha_Picha:
Naongezea hapo kwenye ultrasaundi, maana ndipo makosa yanapotokea. Mji ukionekana mtupu, usiandike "kimetoka" kama hakuna aliyekiona kikitoka. Piga eksirei ya tumbo na nyonga, tumbo lote lionekane. Shaba inaonekana, na plastiki yake imechanganywa na bariamu ili nayo ionekane. Eksirei ikiwa safi, ndipo useme kimetoka. Kikionekana nje ya mji wa mimba, kilitoboa ukuta; hutokea kwa nadra, na kwa kawaida chanzo ni wakati wa kuwekwa. Huyo apewe rufaa kwa daktari wa upasuaji wa wanawake.

Moyoni hakifiki. Mwambie wazi, tena umchoree.

Mhudumu_Ngazi_ya_Jamii:
Asanteni sana. Huenda pia hajui kujipapasa. Na mumewe anataka nyuzi zikipatikana zikatwe fupi kabisa, anasema zinamchoma.

Mkunga_wa_Zamu:
Kujipapasa si lazima, lakini akitaka, afanye hivi hedhi ikiisha. Anawe mikono, achuchumae, aingize kidole cha kati kuelekea nyuma mpaka aguse kitu kigumu kidogo kama ncha ya pua. Huo ndio mlango wa kizazi. Nyuzi ni mbili, nyembamba kama mshipi wa kuvulia. Aziguse tu, asizivute. Akigusa plastiki ngumu, au uzi umerefuka kuliko mwanzo, kitanzi kinashuka: asikisukume ndani, aje kitolewe. Kama hana mimba wala maambukizi, anaweza kuwekewa kingine siku hiyohiyo.

Kuhusu mume: uzi unaochoma mara nyingi ni ule uliokatwa mfupi, ukasimama wima kama bua. Tunaacha takriban sentimita 3 ili ulainike na kujikunja pembeni ya mlango. Akisisitiza, unaweza kukatwa usawa wa mlango wenyewe, lakini mama aelezwe mapema kwamba hatauhisi tena kwa kidole, na siku ya kukitoa huenda ikahitajika koleo.

Na kama kipimo cha mimba kitasoma ndiyo, usisubiri Jumatatu. Kitanzi hupunguza mimba zote, lakini ile adimu inayopita ina uwezekano mkubwa kuliko mimba nyingine wa kuwa imetunga nje ya kizazi. Maumivu makali upande mmoja wa tumbo, kizunguzungu au kuzimia: hospitali saa hiyohiyo.